Tundu la Hewa (Simulizi za Nesi, Sehemu ya 6)



Wiki iliyopita niliahidi kuwasimulia kwa nini paa la chumba cha wanangu lina tundu ambalo paka mnene anapita bila kujikuna. Nimechelewa kwa sababu ya zamu za usiku, na pia, niseme ukweli, kwa sababu kuna sehemu ya hadithi hii inanitia aibu. Kaa vizuri nikupe.

Sisi tunaishi Tabora. Asiyepajua anadhani ni jua tu. Njoo mwezi wa 6 au wa 7 uone usiku unavyokuwa. Mji uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa asubuhi unakata masikio. Wengi wetu tukishapika tunalibeba jiko la mkaa tunaliingiza ndani, watoto wapate joto. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu pia.

Chumba cha wanangu kina bati tupu, dari hatujaweka bado. Zile nafasi kati ya ukuta na bati tuliziziba zote kwa saruji, maana popo walitusumbua na mbu ndiyo usiseme. Juu kwenye paa fundi wa kwanza alituachia katundu ka hewa ka sentimita 15 kwa 15, kamefunikwa kakofia ka bati. Nilikuwa nakaangalia naona kanatosha.

Siku hiyo nilitoka kazini saa mbili na nusu usiku. Dada anayenisaidia alikuwa amewaogesha watoto, akaona wanatetemeka, akaleta jiko chumbani, akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Nilipofungua mlango, mkubwa alikuwa amekaa kitandani ameshika kichwa anasema kinamuuma. Mdogo, miaka miwili, alikuwa ametapika na amelegea kama kitambaa. Namwita, ananiangalia tu, haitiki.

Jamani, nimehudumia watoto wa wenzangu miaka kumi, lakini usiku ule mikono yangu ilitetemeka. Tuliwatoa nje wote, na dada mwenyewe naye akayumba akakaa chini. Tukakodi bajaji hadi hospitali, wakawekewa oksijeni. Kulipokucha mdogo akaomba uji. Nililia palepale wodini, mbele ya wenzangu.

Sikumlaumu dada. Kila siku kliniki nawaambia akina mama wasilale na jiko la mkaa, lakini nyumbani kwangu sikuwahi kumwambia mtu. Hiyo ndiyo aibu yangu.

Sasa nisikilize hapa. Mkaa usiotoa moshi ndio unaotudanganya. Unatoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, haiwashi macho. Ikiingia mwilini inashika damu mahali ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, usingizi mzito. Watu wengi wanadhani ni malaria au chakula kibaya. Ukiona watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja na kuna mkaa ndani, usitafute dawa. Toka nje na wote, kisha nenda hospitali.

Baba watoto aliporudi kutoka safari alisimama katikati ya chumba akaangalia juu muda mrefu. Akasema, "Mama, hii siyo nyumba, hili ni debe." Tukaamua kulipanua lile tundu.

Jumapili moja kabla ya kazi kuanza tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye ile tembe ambayo sasa ni makumbusho. Enzi za misafara, njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita huku kwetu, na wageni walipumzika hapa wakisubiri wapagazi na bidhaa. Stanley na Livingstone walikaa kwenye tembe hiyo mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi wa 3, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi mwezi wa 8. Nje jua lilikuwa linachoma, lakini kuta nene za udongo zilitupokea kwa ubaridi. Watoto hawakutaka kutoka.

Bibi yao, mama mkwe wangu, Mnyamwezi wa hapahapa, akasema neno ambalo sijalisahau: nyumba za zamani za nyasi zilikuwa zinapumua. Moshi ulipanda ukapenya kwenye nyasi ukaondoka. Na ni kweli. Bati halipenyi kitu. Tumebadilisha paa, tukaziba na pembeni, lakini jiko tumeendelea kuliingiza ndani kama tuko chini ya nyasi.

Sasa kazi yenyewe, kwa wale watakaotaka kufanya kwao. (Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kwanza, usije ukahamishwa kwa ajili yangu.)

Kwanza tulipima kwa ndani. Fundi alitafuta kenchi na papi zimepita wapi, akachora mraba wa sentimita 35 kwa 35 katikati yake, ili asikate mbao inayobeba paa. Kisha akatoboa matundu madogo kwenye kona nne kwa msumari kutoka ndani, akapanda juu akayaona, ndipo akaanza kukata. Usikubali fundi akate kwa kukisia kutoka juu, bati likishakatwa halirudi.

Kutoka 15 hadi 35 unaweza kuona ni kidogo. Piga hesabu: 15 mara 15 ni 225, 35 mara 35 ni 1,225. Tundu limekuwa kubwa zaidi ya mara tano.

Pili, tukazungushia fremu ya mbao kwa ndani, maana bati lililokatwa linalegea na kingo zake ni wembe. Juu ya fremu tukapigilia wavu wa mbu. Hapo usifanye ubahili, tundu kubwa bila wavu umewakaribisha mbu kwa mlango mkuu.

Tatu, kofia ya bati juu, imeinuliwa kama kiganja, hewa itoke pembeni na mvua isidondokee ndani.

Tukafurahi. Halafu ikaja mvua ya kwanza ya mwezi wa 11. Saa tisa usiku mkubwa ananiita, "Mama, kunanyesha kitandani." Godoro lote chapachapa. Kosa lilikuwa hili: bati la kuzuia maji, upande wa juu wa tundu, lilikuwa limelazwa juu ya bati la paa na kupakwa silikoni. Maji ya paa yanatoka juu kuja chini, yakafika hapo yakajipenyeza kwa chini yake. Upande wa juu, lile bati linatakiwa liingie chini ya bati la paa. Upande wa chini ndio linalala juu. Kama magamba ya samaki, la juu linafunika la chini. Fundi alirudi akarekebisha, na tangu hapo hata mvua ya mawe haijaingia.

Lakini kuna jambo tulilijifunza kwa udi. Siku moja watoto wakiwa nje, niliwasha kijiti cha udi katikati ya chumba, mlango na dirisha vimefungwa. Moshi ukapanda, ukazungukazunguka chini ya bati, ukabaki hapo. Nikashtuka: tundu lote hili na bado? Nikafungua dirisha upande wa chini. Mara moja moshi ukanyooka, ukapanda, ukatoka juu. Hewa ya joto haitoki kama hakuna hewa nyingine inayoingia kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo tukaongeza tofali mbili za matundu chini ya ukuta, upande wa pili, nazo zina wavu. Ukiongeza tundu la juu, ongeza na la chini.

Sasa chumba kikoje? Mwezi wa 10, lile joto letu la kabla ya mvua, watoto wanalala bila kugaragara. Asubuhi hakuna ile harufu nzito ya pumzi. Kikohozi cha mkubwa kimepungua. Siwezi kukuapia kwamba ni tundu peke yake, lakini wauguzi tumeijua thamani ya hewa siku nyingi. Florence Nightingale alipoandika kitabu chake cha uuguzi mwaka 1859, sura ya kwanza kabisa aliiweka ya hewa ya chumba, kabla ya chakula na kabla ya usafi wa kitanda.

Na usinielewe vibaya. Tundu kubwa SIYO ruhusa ya kuingiza jiko la mkaa. Hata lingekuwa la mita nzima. Jiko kwetu sasa linalala nje, na wakati wa baridi wanangu wanavaa soksi na kujifunika blanketi mbili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, mkaa na nishati za namna hiyo, iliua watu milioni 3.2, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto chini ya miaka mitano. Wangu walikaribia kuwa kwenye hesabu kama hiyo, na mama yao ni nesi.

Kabla sijaaga, hili liandike ubandike ukutani. Mtoto akikohoa, mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Kama kifua kinabonyea kwa ndani akivuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, amelegea au amepata degedege, usisubiri kukuche.

Usiku wa leo, ukishawalaza, simama katikati ya chumba chao uangalie juu. Hewa inatokea wapi? Kisha angalia chini. Inaingilia wapi? Ukikosa jibu, usilale na hasira na mtu. Fungua dirisha kwanza, fundi tutamtafuta kesho.

Sehemu ya 7 nitaongelea kikohozi cha wiki mbili na zaidi. Nawapenda, mlale salama.