Samaki kalazwa karantini, shemeji kasema atupwe

Mwambie Mbongo unamtibu samaki, atakuuliza kama chumvi imekolea. Kwa wengi samaki ni mboga, na samaki mgonjwa ni riziki ya paka. Ila kwa dada mmoja wa Sinza, anayeishi kwa kupaka watu kucha, yule samaki wa dhahabu wa sebuleni hakuwa mboga wala pambo. Mama yao alimnunulia mdogo wake wa kiume mwaka mmoja kabla hajafariki. Dogo ana miaka 9 sasa.

Balaa lilianza na wageni. Dada alinunua samaki wengine wawili ili yule wa zamani asikae mpweke, akawatumbukiza moja kwa moja kwenye tangi. Wiki haikuisha. Tangi likachafuka haraka, wageni wakawa wanamdonoa mwenyeji, na mkia wake ukaanza kuwa mweupe pembeni na kuchanika kama pindo la kanga kuukuu. Akatulia chini, kabana mapezi, chakula hataki.

Shemeji akaja na jibu jepesi: "Mtupe huyo, kanunue anayefanana naye. Dogo akirudi shule hatajua."

Dada alienda kweli kwa wauza samaki. Akamkuta wa kufanana naye kabisa, na bei si kitu. Akamwangalia weee, akageuza. Kilichomrudisha ni kitu kimoja: mama alipolazwa, dogo aliambiwa "mama kasafiri". Aliendelea kuambiwa hivyo mpaka siku alipoona maturubai yanafungwa nje.

Jioni akamkalisha chini. "Samaki wako anaumwa. Anaweza kufa, lakini tutamtibu, na wewe utanisaidia."

Dogo akakaa kimya kidogo. "Kwa hiyo safari hii mnaniambia?"

Basi, kazi ikaanza. Wakachukua beseni jipya la lita 20 ambalo halijawahi kuona sabuni. Maji ya bomba yakaachwa wazi siku nzima ili klorini itoke. Chumvi ya mawe kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 4, inayeyushwa kwanza pembeni, haimwagwi juu ya mgonjwa. Ndani hakuna mchanga, ili uchafu uonekane. Kuna kipande cha chungu tu cha kujifichia, pampu ya hewa, na neti juu asije akaruka. Pampu ni lazima, maana maji yakipata joto la Dar yanabeba hewa kidogo.

Kwa nini asitibiwe humohumo kwenye tangi? Kwa sababu chumvi ingeweza kudhuru majani, na wale wageni wangeendelea kumdonoa. Akiwa peke yake unaona kama amekula na kama amejisaidia.

Ila beseni lina mtego wake. Kwenye chujio la tangi la zamani wanaishi bakteria wazuri wanaovunja amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki mwenyewe. Beseni jipya halina hao. Ndiyo maana kila siku nusu ya maji ilibadilishwa, na chumvi ikaongezwa ya yale maji mapya tu, kwa kuwa chumvi haipai na mvuke. Dogo ndiye aliyekuwa anaandika kwenye daftari: kala, hajala, kaogelea. Tangi kubwa nalo likasafishwa, maana maji machafu ndiyo yanayofungua mlango wa mkia kuoza.

Usiku wa nne umeme ukakatika, pampu ikanyamaza. Shemeji alipofika akawakuta dada na dogo na tochi ya simu, wanachota maji kwa kikombe na kuyamimina toka juu ili yachukue hewa. Akacheka. Kisha akapokea kikombe, hakukiweka chini mpaka saa sita usiku.

Siku ya kumi mkia ukaacha kuchanika, na pembeni ukaota utando mwembamba unaopitisha mwanga. Hilo ni pezi jipya. Wiki ya tatu wakaanza kupunguza chumvi kwa kubadilisha maji bila kuongeza nyingine, kisha akarudishwa tangini. Mkia umebaki mfupi upande mmoja.

Si kila samaki anapona. Ugonjwa ukishafika kwenye mwili, chumvi peke yake haitoshi, inabidi dawa. Na somo la bei rahisi kuliko yote ni hili: mgeni ndiye wa kuanza kukaa karantini, wiki mbili mpaka nne, kabla hajakutana na wenyeji.

Lakini swali kubwa hapa wala si la samaki, wadau. Ingekuwa wewe, ungemwambia mtoto ukweli kwamba anaweza kumpoteza, au ungemletea wa kufanana kimyakimya?