Mwanamke wa Chini ya Mwembe

Sisi tuliokulia Ng'ambo, Tabora, hatukuhitaji picha ili tuogope. Bibi alikuwa akishusha utambi wa koroboi, akatugawia michembe na karanga, kisha akaanza: mwanamke mrembo kasimama chini ya mwembe, mmojawapo wa ile miembe ya njia ya misafara iendayo Ujiji, kajitanda buibui, wanja umekolea, udi unanukia mpaka barabarani, na mwanamume aliyechelewa kurudi anamsindikiza huku akijisifia bahati yake, hadi upepo unapoinua pindo la buibui na kwato zinaonekana. Bibi alikomea hapo. Kwato zenyewe kila mtoto alijichorea zake. Zangu zilikuwa za punda, zina tope. (Nikiwa mtu mzima ndipo nilipong'amua kwamba hadithi ile ilikuwa ikimlenga babu.)

Siku hizi jini yuko kwenye simu.

Mpwa wangu ananionyesha michoro ya Kijapani: binti mzuri ajabu, ngozi nyororo kama kauri, na nusu ya uso imepasuka ikatoa maua na meno. Niligeuka pembeni, kisha nikaomba niione tena. Akanisimulia habari za Junji Ito, aliyekuwa fundi wa meno kabla ya kuishi kwa uchoraji, na Tomie wake wa mwaka 1987, msichana ambaye wanaume humpenda mpaka wakamuua, naye kila mara hurudi. Ito alianza kwa kalamu na wino. Vijana wa sasa wanachora juu ya kioo.

"Huyo Tomie namjua," nikamwambia. "Alikuwa jirani yetu."

Kilichopotea kipo. Picha inakuja imekamilika, kope zinahesabika, huna pa kutia kwato zako. Ukiogopa unaisukuma kwa kidole, imekwisha. Sisi tulibana mkojo hadi alfajiri, maana choo kilikuwa uani, upande wa mwembe.

Juzi mpwa wangu kachora jini wake, kwa kidole, kwenye simu yenye ufa. Mwembe upo, buibui lipo. Lakini nyuma ya mwanamke kapanga wapagazi na pembe za ndovu, na nyuma yao watu waliofungwa shingo kwa shingo. Hao bibi hakuwahi kuwataja, na njia ilikuwa yao. Nilikaa nayo ile simu mpaka kioo kikazima.

Kwato kazichora za mbuzi. Nimemwambia azirekebishe.