Bidoni ya maji nayo ni mazoezi

Tangu binti yangu wa miaka 15 aingie timu ya kabumbu ya wasichana hapa Kadutu, nimesikia mengi. Bibi yake anasema mazoezi ya nguvu yataharibu uzazi. Jirani anasema atapata mikono ya mwanaume. Nikiwauliza nani kapandisha bidoni ya litri 20 kutoka bombani asubuhi, wananyamaza. Bidoni hiyo ina kilo 20, inapanda mlima mgongoni mwake mara tatu, na hakuna anayehofia uzazi.

Kocha wao, mama aliyecheza zamani, hana vyuma vya kunyanyua. Anawafanyisha kuchuchumaa na kuinuka, kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzake akimsukuma kidogo, kuruka na kutua. Kutua ndiko anakokazia sana: magoti yasiingie ndani kugongana, yaelekee kule vidole vya miguu vinakoelekea. Wasichana hukatika kano za goti mara nyingi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule, na kwetu huku goti la namna hiyo linamaliza mchezo, nani atalipa upasuaji? Mazoezi hayo yamo katika mpango wa FIFA 11+, dakika 20 kabla ya mpira, angalau mara mbili kwa juma. Norway waliujaribu kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na mwaka 2008 wakaandika kwamba majeraha makubwa yalipungua karibu nusu.

Kisha kocha akaja nyumbani kuuliza binti anabeba nini kwa siku, analala saa ngapi, anakula nini. Tulihesabu pamoja. Akasema mwili haupati nguvu wakati wa kubeba. Unazipata baadaye, mtu akiwa amekula na kupumzika. Tena mzigo huongezwa kidogo kidogo, juma kwa juma. Mlima wetu haujui kidogo kidogo.

Baba yao alikataa kwanza: maji ni kazi ya wasichana. Tulizungumza siku tatu (sitaandika yote hapa). Sasa Jumanne na Alhamisi kaka zake wawili ndio wanachota. Mkubwa alilalamika kwamba safari ya tatu inachoma mapaja. Nikamwambia dada yake alikuwa akimaliza hiyo ya tatu ndipo anakwenda uwanjani.

Bugali peke yake hautoshi. Namwongezea maharagi, lengalenga, na sambaza zikipatikana, kwa sababu msichana anayepoteza damu kila mwezi anahitaji chakula chenye madini ya chuma. Na kuhusu uzazi, nilimweleza bibi yake hivi: kinachoweza kuuvuruga ni kazi nyingi na chakula kidogo, kwa maana mwili uliochoka hivyo unaweza kusimamisha hedhi. Binti yenu anayecheza akikaa miezi mitatu bila kuona siku zake, msianze kwa kumshuku na kumgombeza. Mpelekeni kituo cha afya, na mseme pale kwamba anafanya mazoezi, na anabeba maji.