Tangi la Choo na Kikombe cha Nyanya

Tunawataka radhi wasomaji wetu mapema, maana habari tunayoileta juma hili ni habari ya choo, na twajua kwamba katika nyumba nyingi jarida hili husomwa mezani. Lakini vitabu vyetu vya fiqhi navyo huanzia pale pale, katika mlango wa twahara, kabla ya sala na kabla ya saumu. Basi nasi tukianzia hapo hatudhani kuwa tumevunja adabu.

Kiangazi kilichopita tulijaaliwa kwenda Marekani kumzuru ndugu yetu anayeishi Denver, katika jimbo la Colorado. Tulikuwa sisi mabinti watatu, mama yetu, nyanya yetu mzaa mama ambaye ametimiza miaka 78, na mtoto mmoja wa miaka sita. Pamoja na ndugu yetu tukawa watu saba. Ndugu yetu alitaka kutuonyesha milima, naye akakodi gari-nyumba, yaani gari refu lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ili nyanya asihangaishwe na ngazi za hoteli na ili tupike chakula chetu wenyewe. Tukapanda hadi Estes Park, mji mdogo wa watalii ulio mlangoni mwa hifadhi ya taifa ya Rocky Mountain. Mji huo uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kulungu wakubwa wenye pembe za matawi, waitwao elki, hutembea barabarani kama mbuzi wa mtaa, na magari husimama kuwangoja.

Uzuri wa mahali pale wengine wameusimulia vya kutosha. Sisi tuliyojifunza yalikuwa chini ya sakafu ya gari.

Gari-nyumba hubeba matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili hupokea maji ya sinki na ya kuogea. La tatu ni la choo. Nyumbani mtu humwaga maji chooni, akafunga mlango, na jambo likawa limekwisha. Katika gari-nyumba halikwisha; liko chini ya miguu yenu na mnasafiri nalo, mpaka mfike kwenye kituo maalumu cha kumwagia maji taka. Mwenye gari alimwambia ndugu yetu kwamba tangi la choo, lenye kiasi cha lita 115, lingetosha siku tatu au nne. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa watu wanaotumia karatasi. Sisi tulikuwa tumetundika kopo la kuchambia ukutani kabla hata ya kupanga nguo. Hesabu yetu ilikuwa hii: watu saba, kila mmoja kwenda haja mara tano au sita kwa siku, kila safari lita mbili tatu za kuchamba na kusukuma. Tangi la siku nne likajaa kwa siku moja na nusu. Na tangi la pili lilikuwa likijazwa na udhu, maana wengi wetu tumezoea kutawadha huku bomba likimiminika kutoka viganja hadi miguu. Tunasoma tangu chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na akioga janaba kwa pishi moja au kuzidi kidogo. Tumeyahifadhi hayo tangu utotoni, wala hatukupata kuyapima hata siku moja mpaka taa nyekundu ilipowaka kwenye ubao wa gari.

Taa hiyo iliwaka siku ya pili, baada ya adhuhuri. Mmoja wetu alipaza sauti: "Ni nani huyu amwagaye maji yote haya?" Alikuwa akimkusudia mtoto, aliyekuwa akichezea bomba. Hatukuangalia ni nani mwingine aliyekuwa akisikia.

Tukaanza kutafuta. Mahali pa kwanza palikuwa kambi ya watu binafsi, na mwanamke wa mapokezi akatueleza kwa upole kwamba kituo chao ni cha wageni waliolala hapo tu, na nafasi zilikuwa zimejaa. Mahali pa pili, kituo cha petroli, tulikuta tundu limefunikwa kwa bamba la chuma lenye kufuli. Hapa tukiri jambo. Muda mwingi tuliupoteza si kwa umbali bali kwa haya. Ndugu yetu aliona vibaya kuuliza mbele ya mama na nyanya, nasi tuliona vibaya kushuka na mabuibui yetu, mji mzima ukitutazama, na kuuliza mahali pa kumwaga choo. Tulizunguka barabara zile zile mara tatu, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Answar kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Sisi tuliokuwa tumeisikia habari hiyo katika darsa zaidi ya mara moja, tulikuwa tumekaa kimya nyuma ya vioo.

Vyoo vya umma vipo mjini, tena visafi. Lakini havina maji ya kuchambia, viko mbali na mahali pa kuegesha gari refu, na nyanya yetu haendi chooni na chupa ya soda. Alituambia hivyo kwa maneno hayo hayo.

Mwishowe mama ndiye aliyeshuka. Alimwendea mzee mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akijaza mafuta gari kama letu, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha shule, na mzee yule hakuona ajabu yoyote. Alituambia kwamba ndani ya hifadhi kuna vituo katika kambi tatu, Glacier Basin, Moraine Park na Timber Creek, na kwamba hufunguliwa majira ya joto tu, kwa kuwa wakati wa baridi mabomba huganda. Tuliamua kwenda Glacier Basin. Tatizo ni kwamba barabara iendayo huko, katika miezi ya watalii wengi, huingiwa kwa kibali cha saa maalumu kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 12 jioni, nasi hatukuwa nacho. Baada ya saa 12 hakihitajiki. Tukaenda kungoja kando ya ziwa la mji, Lake Estes.

Tukiwa pale ndugu yetu alisema, nusu kwa mzaha, kwamba msitu ni mkubwa na vali ni moja tu. Mama alimtazama, naye akanyamaza. Mtume wetu alitukataza kwenda haja katika njia za watu, katika vivuli wanavyopumzikia na katika mapito ya maji, akayaita hayo mambo yenye kuleta laana. Nasi pale tulikuwa tumekaa juu ya mapito ya maji hasa. Ziwa lile hupokea mto Big Thompson ushukao kutoka milimani, na hupokea pia maji yanayovutwa kutoka upande wa pili wa milima kwa handaki lenye urefu wa kilomita 21, lililopasuliwa chini ya majabali yale. Kutoka hapo maji huteremka kwenye mashamba na miji ya tambarare za mashariki. Katika hifadhi hiyo hiyo ndiko kunakoanzia mto Colorado, unaowapa maji watu wapatao milioni 40. Mtu akifungua vali kichakani usiku, hatamjua yule atakayeyanywa.

Wakati wa alasiri ukaingia. Nyanya akauliza, kwa sauti ndogo, kama haifai yeye atayamamu kwa udongo wa pale ziwani. Mmoja wetu, aliyemaliza madrasa kwa sifa, akamjibu haraka kwamba tayamamu ni kwa asiye na maji au anayedhuriwa nayo, na maji yapo, nyanya. Jibu lilikuwa sahihi. Nyanya akasema, "Haya, mjukuu wangu," akatawadha kwa maji machache mno, akasali ameketi. Aliposalimu kutoa sala alishika kichwa, na alipojaribu kusimama akayumba.

Tulidhani ni mlima. Tulikuwa tumeonywa kwamba mtu wa pwani akipanda mahali pa juu namna ile huweza kuumwa kichwa na kuona kizunguzungu, na kwamba dawa ya kwanza ni kupumzika na kunywa maji kwa wingi. Mama akaenda kumletea maji, akakikuta kikombe chake kando ya kitanda. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Ni kile alichomtilia asubuhi. Na chupa tuliyompa siku ya kwanza ilikuwa haijapungua hata robo.

Nyanya hakutaka kusema. Mama alipomshika mkono na kumwapiza kwa mapenzi ya Mola, ndipo aliposema kwamba amesikia tangi limejaa, na kwamba mtu mzima hunywa maji akaenda chooni kila saa, na hakutaka kuwa yeye ndiye anayewaharibia wajukuu matembezi. "Nimetumia choo cha shimo umri wangu wote," akasema, "lakini shimo lile halikuwa chini ya kitanda cha mwanangu."

Tuliona haya kuliko tulivyoona pale kwenye petroli. Alikuwa akijinyima maji kwa sababu ya kilio chetu cha tangi, na hata alipotupa dalili kwa swali la tayamamu, tulimjibu swali na hatukumsikiliza muulizaji. Tulimketisha kivulini, tukampa maji yenye chumvi kidogo na sukari, kijiko kwa kijiko, kisha chungwa. Mmoja wetu alitoka akamwambia ndugu yetu kwamba saa 12 ikigonga tunaondoka, na kama mlinzi wa lango ataturudisha tutamweleza shida yetu yote bila ya kupunguza neno.

Hakuturudisha. Alituelekeza njia kwa kidole. Jua lilikuwa bado juu, kwani mwezi Julai huko magharibi huingia saa 2 na nusu usiku, jambo ambalo nyanya hakulizoea mpaka tuliporudi Mombasa.

Kituo chenyewe ni sakafu ya saruji yenye tundu lenye kifuniko, bomba la kusuuzia lenye maandishi kwamba maji yake si ya kunywa, na mbali kidogo bomba jingine la maji safi. Mtu huvaa glavu, huunga mpira mnene kati ya gari na tundu, kisha hufungua vali ya tangi la choo kwanza. Likiisha ndipo hufungua ile ya maji ya kuogea, ili maji yasiyo machafu sana yausuuze mpira. Ukigeuza utaratibu huo, uchafu utabaki mpirani nawe utarudi nao. Ndugu yetu alisema tukae ndani. Mama alikunja mikono ya baibui, akavaa glavu na kushika mwisho wa mpira usichopoke, kwa sababu, alisema, kilichomo ni chetu sote. Nyuma yetu kwenye foleni alikuwapo bibi wa Kimarekani, mwenye umri wa mama, akisubiri kumwaga lake. Alitufunza kwamba vali ya choo isiachwe wazi safarini, maana maji hutoka na kizito kikabaki kikikauka, na kwamba maji mengi chooni, kama yale ya kopo letu, ni mazuri kwa tangi. Tulifurahi kusikia hivyo kuliko alivyojua.

Mpira ulipokuwa ukitikisika, mama alikumbuka mtu aliyekuwa akija kutapisha shimo la nyumba yetu alipokuwa mdogo. Kichochoro chetu hakipitishi gari la kunyonya, wala siku hizo magari hayo hayakuwa mengi, basi kazi ilifanywa kwa ndoo, usiku. Watoto waliambiwa wazibe pua na wafunge madirisha. Mama alisema kwamba watu wa nyumbani walimlipa vizuri na walimwachia chakula mlangoni, lakini yeye hakumbuki hata mara moja mtu kumtolea salamu. Kisha akatuuliza sisi jina la kijana anayekuja na gari la kunyonya sasa. Hakuna aliyelijua, ilhali mwaka huu pekee amekuja mara mbili.

Tulipomaliza tulinawa, tukabadilisha nguo, tukajaza maji safi. Taa ikazimika. Mama aliingia ndani akamwambia nyanya kwamba tangi ni tupu kabisa, na kwamba kuanzia sasa kila jioni tutapita hapa, likijaa lisijae. Nyanya akaomba chai. Kisha akaomba kikombe cha pili, nasi watano tukakimbilia birika lile moja.

Siku ya tatu alikuwa na nguvu za kutosha, tukapanda barabara ya Trail Ridge inayofika mita 3,713, juu kuliko miti inavyoweza kuota. Hatukukaa sana kileleni kwa ajili yake. Tukateremka upande wa pili hadi Milner Pass, ambapo pana kibao kinachoonyesha kwamba maji ya upande mmoja huishia bahari ya Atlantiki na ya upande wa pili bahari ya Pasifiki. Tulimtafsiria. Nyanya alisimama katikati, mkono mmoja juu ya bega la mtoto, akatazama huku na huku kwa muda mrefu, akauliza ni upi kati ya hizo unaokaribia kwetu. Tulipokuwa tungali tunabishana juu ya jibu, alisema kwamba kwa sasa yeye anataka choo, tena asiharakishwe, na kopo lijazwe.