Picha Niliyoikata

Mwaka jana niliandika ripoti ya mafunzo yetu ya ushonaji hapa Juba. Kurasa nne, picha tatu. Msichana mmoja alikuwa ameniambia mapema, "Kaka, mimi usiniweke. Kuna watu sitaki wajue niko huku." Nikamwambia hakuna shida. Lakini picha ilikuwa nzuri, sikutaka kuiacha, kwa hivyo nikamkata pembeni hapo hapo ndani ya Word. Wakabaki wenzake wawili na cherehani. Nikatuma ripoti kwa shirika lililotufadhili.

Wiki mbili baadaye kijana wa darasa la kompyuta akaniita. "Kuja uone kitu." Alichukua nakala ya ripoti yangu, akafuta docx mwishoni mwa jina, akaandika zip, akabonyeza mara mbili. Ikafunguka kama folda! Ndani kuna folda inaitwa word, ndani yake nyingine inaitwa media, na humo picha zangu tatu. Ya pili ilikuwa nzima. Yule dada alikuwa pale pembeni, anacheka.

Kumbe ndivyo docx ilivyo tangu Word ya 2007: mafaili mengi yaliyofungwa pamoja, yanaonekana kama moja. Na ukikata picha ndani ya Word, kipande kinafichwa tu. Hakifutwi mpaka uende kwenye kubana picha na uchague vipande vilivyokatwa viondolewe. Mimi nilijua faili ni faili, folda ni folda, basi.

Wataalamu walishabishana juu ya hili. Mwaka 2004 Hans Reiser alileta Reiser4, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwa ajili ya Linux, akitaka kitu kimoja kiweze kusomwa kama faili na pia kuingiwa kama folda. Wengi walimpinga. Programu za zamani zingefanya nini zikikutana na kitu cha namna hiyo? Ya kunakili ingechukua maandishi, au vilivyomo ndani, au vyote? Reiser4 haikuingizwa kwenye Linux rasmi hadi leo.

Hofu hiyo naielewa. Hapa kwetu mtu akibeba folda kwenye flashi, nusu ya vitu hubaki njiani, ndiyo maana docx inatufaa: unabeba kitu kimoja, picha zinakuja nacho. Lakini basi tusijidanganye kwamba tulikataa vitu vyenye sura mbili. Tunavyo kila siku, ila mlango umefichwa. Wazo la Reiser angalau lilikuwa mlango uwe wazi kwa kila mtu. Ningeweza kuingia ndani ya ripoti yangu kama ninavyoingia kwenye folda yoyote, ningemwona yule dada kabla sijatuma.

Siku hizi nakata picha kwanza, nahifadhi nakala mpya, ndiyo naiingiza. Nyinyi wa ofisini mnaopokea ripoti zetu, jaribuni hiyo zip kwenye nakala moja mliyo nayo.

Niliwapigia wale wa shirika. Wakafuta, ila walikuwa wameshaituma kwa ofisi nyingine mbili. Nikaenda kumwambia mwenyewe. Alikuwa anapiga pasi sare za shule, hakuinua kichwa.

"Wameifungua wangapi?"

Nikamwambia sijui.