Tanegashima, Kisiwa cha Wahunzi

Boti ya kasi kutoka Kagoshima, kusini mwa Japani, hukufikisha Tanegashima chini ya saa mbili. Wageni wengi hupita wakiifuata Yakushima, jirani yenye milima inayozidi mita 1,900. Tanegashima haina milima ya kujivunia. Ni kisiwa chembamba, kirefu, chenye mashamba ya miwa na viazi vitamu, na kwenye baadhi ya fuo zake mchanga ni mweusi kwa sababu una chuma ndani yake. Chuma hicho ndicho kinachonifanya nikisifu kisiwa hiki kuliko jirani yake.

Nenda kwanza rasi ya Kadokura, ncha ya kusini. Mwaka 1543 merikebu ya Kichina ilifika hapa ikiwa na watu zaidi ya mia moja, wakiwemo Wareno. Lugha ya pamoja haikupatikana. Kumbukumbu iliyoandikwa mwaka 1606 inasimulia kwamba mkuu wa kijiji, Nishimura Oribenojo, alichukua fimbo akaandika kwa herufi za Kichina mchangani akiuliza wageni wale ni nani, na Mchina mmoja msomi akamjibu papo hapo, kwa maandishi, kwamba ni wafanyabiashara. Kijiji cha mbali kabisa na mji mkuu, na mkuu wake anasoma na kuandika!

Japani wakati huo ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Mfalme alikaa Kyoto bila nguvu, na kila mtawala wa jimbo, daimyo, alikuwa na ngome yake, masamurai wake na wakulima wa kumlipa kodi ya mpunga. Kijana Tokitaka, bwana wa kisiwa, hakuwa na umri wa kuzidi miaka kumi na sita. Alipoona gobori la utambi la Wareno likilenga shabaha, alinunua mawili kwa fedha nyingi, kisha akamwita Yaita Kinbei, mhunzi wa panga.

Hapa ndipo sifa inapostahili. Yaita alijua kufua chuma kwelikweli, na mtutu haukumshinda. Kilichomshinda ni kuziba nyuma yake: Wareno walitumia skrubu, kitu ambacho wahunzi wa Kijapani hawakuwa wamewahi kutengeneza. Mwaka uliofuata fundi wa kigeni aliletwa na meli nyingine, siri ikafunguka, na baada ya muda mfupi kisiwa kikawa kinatoa bunduki kwa makumi. Ujuzi ukavuka bahari hadi mji wa Sakai, na mwaka 1575, katika vita vya Nagashino, askari wa daimyo Oda Nobunaga waliwavunja kwa risasi wapanda farasi wa ukoo wa Takeda.

Wareno wa enzi hiyo walikuwa wakipita pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mmisionari Francis Xavier, akiwa katika meli yao, alitua Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na mwaka 1549 akashuka Kagoshima kuhubiri. Vitabu vingi huwapa Wareno sifa yote ya bunduki za Japani. Lakini bunduki mbili zingeweza kubaki mapambo ya ukutani kwa bwana mdogo, kama kisiwa kisingekuwa na chuma, moto na mikono iliyozoea nyundo.

Mjini Nishinoomote kuna makumbusho ya bunduki, nayo yanastahili saa zako. Ila usiondoke bila kutafuta mkasi wa Tanegashima, ambao wahunzi wa kisiwa bado wanaufua kwa mkono. Ufungue na kuufunga mara kadhaa kabla ya kulipa, uone makali yanavyokutana.