Rafiki Aliyeondoka

Sikukuu ni kipimo kigumu cha moyo. Siku za kawaida mwenye majonzi huweza kujificha katika kazi zake asigunduliwe. Lakini sikukuu inapofika, watu wakavaa nguo mpya na kucheka, majonzi yake huonekana kama doa jeusi juu ya kanzu nyeupe. Nadhani ndiyo sababu watu wengi hawapendi kuonyeshwa huzuni siku ya furaha. Husema kwamba ugonjwa na mauti vina mwaka mzima wa kututesa, basi na vituachie siku moja. Nami nilikuwa na mawazo hayo, mpaka mchezo mmoja wa televisheni uliponilazimisha kuyafikiri upya.

Mchezo wenyewe huitwa House. Ulitengenezwa Marekani, ukaanza kuonyeshwa Novemba 2004 na kumalizika Mei 2012. Unasimulia habari za Gregory House, daktari katika hospitali ya kubuniwa ya jimbo la New Jersey, bingwa wa kutambua maradhi yaliyowashinda wenziwe. Daktari huyu, aliyeigizwa na Mwingereza Hugh Laurie, ana akili kali na ulimi mkali zaidi. Zamani damu iliganda katika mguu wake, msuli wa paja ukafa. Na tangu hapo hutembea kwa mkongojo na kumeza vidonge vya kutuliza maumivu, vya jamii ya afyuni, hata vimemfanya mtumwa. Rafiki wa kweli anaye mmoja tu: James Wilson, daktari wa saratani, mtu mpole na mvumilivu.

Sehemu ninayotaka kuieleza ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 12 Desemba 2006, kwa jina la Merry Little Christmas. Jina laahidi furaha, lakini mambo yaliyomo ni mengine. Mpelelezi wa polisi, Tritter, amekwisha kugundua kwamba House alighushi sahihi ya Wilson ili ajipatie vidonge. Wilson alimsetiri rafiki yake kwa uongo, na kwa ajili hiyo akaunti yake ya benki ikafungwa, gari lake likachukuliwa, na ruhusa yake ya kuandika dawa ikaondolewa. Mwishowe alikubali kusema kweli, kwa sharti kwamba House asifungwe bali apelekwe mahali pa kutibiwa ulevi wa dawa. House akakataa katakata, nao wakubwa wa hospitali wakamnyima vidonge ili alainike.

Hakulainika. Huku akitetemeka na kutokwa na jasho, alimtibu msichana mfupi ambaye wote walidhani amerithi ufupi wa mama yake, kumbe ni maradhi yaliyozuia homoni ya kukua. Kisha akaiba vidonge vya mgonjwa wa Wilson aliyekwisha kufa. Usiku wa mkesha wa Krismasi aliwapigia simu wazazi wake, asimpate mtu, akaacha salamu. Akavimeza vidonge kwa pombe kali. Wilson alipokuja kumjulia hali alimkuta sakafuni karibu na matapishi yake. Akaona kwamba yu hai. Akaiokota chupa, akasoma jina la yule marehemu. Basi akaitupa, akageuka, akatoka.

House alipopata nguvu ya kusimama, alikwenda kwa mpelelezi kuyapokea yale masharti. Akaambiwa yamekwisha kuondolewa, kwa kuwa wizi wa vidonge sasa ulikuwa ushahidi tosha. Sehemu iliyofuata haikuonyeshwa mpaka tarehe 9 Januari 2007. Kwa muda wa majuma manne, pamoja na Krismasi yenyewe, watazamaji wa Marekani waliachwa na picha ya mtu aliyelala sakafuni na rafiki aliyekwenda zake.

Sisi tuliitazama Desemba 2009, kwa santuri za kuazima, sebuleni kwa shangazi yangu mjini Nakuru. Tulikuwa watano. Picha ilipokwisha, hakuna aliyeinuka kuweka santuri nyingine. Mdogo wangu wa kike alikuwa akilia, tena kwa hasira. Alisema walioutunga mchezo ule hawana huruma. Kama walitaka kutuonyesha ubaya wa binadamu, wangengoja Februari. Kisha akamgeukia Wilson. Alisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwamba mtu wa namna ile hastahili jina hilo.

Binamu yangu, mtu wa biashara, alimjibu kwa methali nyingine: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wilson, alisema, alikwisha kupoteza gari, fedha na heshima kwa ajili ya mtu asiyeshukuru. Alimsamehe mara ngapi? Mlevi anayeokotwa kila aangukapo hajifunzi kuogopa kuanguka. Kuondoka kwake kulikuwa dawa, wala si ukatili.

Wakabishana hivyo kwa muda mrefu, sauti zikapanda. Nimekuja kujua baadaye kwamba hivyo ndivyo walivyogawanyika watazamaji wengine pia: hawa wakimlaumu Wilson, hawa wakimlaumu House, wengine wakiwalaumu watungaji kwa kuiharibu sikukuu. Wakati ule sikujali maoni ya watu wa mbali. Nilikuwa nimeketi pembeni, mikono yangu baridi, nikingoja ubishi uishe. Kila neno alilosema mdogo wangu juu ya Wilson lilikuwa likiniangukia mimi.

Shangazi, aliyekuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, alinitazama akauliza, "Na wewe, mwanangu, mbona umenyamaza?"

Ndipo nikawaambia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu kwa miaka sita. Usiku wa mkesha wa Krismasi wa mwaka 2003 nilikwenda kumchukua kaka yangu mkubwa katika chumba alichopanga, ili twende pamoja nyumbani kwa mama. Alikuwa mnywaji, nasi tulikuwa tumechoka naye. Mwezi uliopita alikuwa ameuza mashine ya kushonea ya mama. Nilimkuta sakafuni, amelala chali, shati limelowa matapishi. Nilimwita. Alikoroma. Kando yake palikuwa na noti chache, nami nilizitambua: ni zile nilizompa mimi mwenyewe kwa nauli. Nilisimama pale kitambo. Kisha nikarudisha mlango, nikaenda zangu. Nyumbani nilisema sikumkuta.

Hakufa. Jirani yake, mama muuza mboga, alimsikia akipaliwa, akasukuma mlango, akamgeuza, akakaa naye juu ya kigoda mpaka alfajiri. Alinisimulia mwenyewe siku ya pili, akinipa pole, maana hakujua kwamba nilikuwa nimefika. Nami nikazipokea pole zake.

Nilipomaliza, sebule ilinyamaa. Mdogo wangu hakuniangalia. Nilidhani shangazi atanilaani au atanisamehe, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili nililoliogopa zaidi. Hakufanya lolote katika hayo. Alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia wodini:

"Wilson ana haki ya kuchoka. Ana haki ya kukataa kusema uongo, na haki ya kukataa kutoa fedha. Lakini hana haki ya kuondoka kabla ya kumlaza mgonjwa ubavu na kumtafuta mtu wa kumwangalia. Nawe vivyo hivyo."

Akatueleza kisha, kama mwalimu aelezavyo darasani, kwamba dawa za jamii ya afyuni hupunguza kasi ya pumzi, na pombe huzidisha madhara hayo. Mtu huweza kuonekana amelala tu, kumbe pumzi zinakatika moja baada ya moja. Mlevi alalaye chali huweza kutapika na kupaliwa hata afe. Kwa hiyo hulazwa ubavu, msaada huitwa mara moja, wala haachwi peke yake, hata akiwa amekutukana. Iko dawa iitwayo naloksoni iwezayo kuzirudisha pumzi zilizozuiwa na afyuni, lakini haina nguvu juu ya pombe. Na dawa yoyote haifai kitu mahali ambapo hakuna mtu wa kuona kwamba yahitajiwa.

Maneno hayo yaliumaliza ubishi wa mdogo wangu na binamu yangu, maana kila mmoja alikuwa ameishika nusu. Binamu alikuwa na haki kwamba hatuna wajibu wa kuubeba uongo wa mtu mpaka utuvunje mgongo. Mdogo wangu alikuwa na haki kwamba mwili wa mtu si uongo wake. Wilson aliyachanganya mambo hayo mawili kwa sababu alikuwa na uchungu, nami niliyachanganya kwa sababu hiyo hiyo.

Mwezi wa Januari nilisafiri mpaka Naivasha, ambako kaka yangu alikuwa akitengeneza baiskeli. Alikuwa ameacha pombe kwa mwaka mmoja na zaidi. Nilimwambia kweli. Hakuacha kazi yake. Alikaza nati, akaizungusha gurudumu, akasikiliza mlio wake.

"Nilijua ulikuja," alisema. "Nilikusikia ukiniita. Nikausikia mlango. Sikuweza kusema."

Nilimwuliza kama alinikasirikia.

"Hapana. Niliogopa tu."

Hatujalizungumza tena jambo hilo, lakini tangu siku ile naweza kula naye bila kukwepa macho yake.

Wapo wasemao kwamba mchezo wa huzuni hauna nafasi katika sikukuu. Siwalaumu, wengi wao hawatafuti ila saa moja ya faraja. Lakini usiku ule wa mkesha, msomaji, katika kila mji yuko mtu aliyelala sakafuni, na yuko ndugu au rafiki aliyesimama mlangoni na ufunguo mkononi, amechoka, tena amechoka kwa haki. Mchezo wa furaha haungemwambia mtu huyo neno. Ule wa huzuni ulinikuta mimi nikiwa nimechelewa miaka sita, ukanirudisha mpaka kwenye mlango nilioufunga.

Mdogo wangu hajaitazama sehemu ile tena, na hadi leo hampendi Wilson. Mimi namhurumia, lakini kila nimwonapo akigeuka kutoka, natamani ainame tena, amlaze rafiki yake ubavu, kisha avute kiti akae.